Aliyewasemea Miungu

Kwa miaka minne niliwafahamu miungu wa Wagiriki bila kuwaona sura. Niliwasikia tu kupitia ukuta wa mabati, huku nikigeuza mihogo kwenye karai la mama. Zeus, Hera, Poseidoni, Hadesi, wote walitumia koo moja, na koo hilo lilikuwa la mzee mmoja mwembamba aliyependa chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Tulimwita Mtafsiri. Jina lake lilikuwepo, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa banda lake la video kule Kihonda, lakini hakuna aliyelitumia. Mimi pia sitalitumia hapa. Najua mtu anavyojisikia akikuta mambo yake yametajwa mahali asipotegemea. Kwao ni wapi hasa, na alizaa watoto wangapi, sikuwahi kuuliza. Nitaandika yale niliyoyasikia na yale aliyonifanyia.

Vijana wanaofanya kazi kama yake hupenda kuitwa DJ. Yeye ukimwita DJ haitiki. Alikaa pembeni ya televisheni akiwa na kipaza sauti, akapunguza sauti ya sinema mpaka ikawa kama inzi kwenye chupa, kisha akasema yeye badala ya wale wa kwenye picha. Sauti ya mwanamke hakuibana puani ili watu wacheke, kama wafanyavyo wengine. Aliishusha tu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akisikia sentensi nzuri mtaani aliiandika. Alisema maneno ya kweli hayapatikani kwenye sinema, yanapatikana bombani na dukani.

Sinema za mapigano alizitafsiri kwa kuwa watu walizitaka. Za miungu alizitafsiri kwa hasira.

Alikuwa amesoma misheni huko mlimani zamani, ingawa yeye ni Mwislamu. Padre mmoja pale alikuwa na kitabu kinene cha hadithi za Wayunani (yeye hakusema Wagiriki) na aliwasomea wanafunzi baada ya kazi za shamba. Mtafsiri alizishika zote. Kwa hiyo kila sinema ya miungu ilipokuja, alikuwa kama mtu anayeangalia ndugu zake wakiigizwa na watu wasiowajua. Hakuvumilia. Alisimamisha picha katikati na kusema, "Hapa wamedanganya." Watu walizomea, yeye akaendelea kueleza mpaka aridhike, ndipo akaachia picha iende.

Kubwa lililomuudhi lilikuwa Hadesi. Kwenye sinema Hadesi anavikwa nyeusi, anatoa moshi, anaongea kama kokoto zinazomwagwa kwenye karai. Mtafsiri alimpa sauti ya upole, ya taratibu, kama karani wa mtaa anayekuambia barua yako haijafika.

"Mtafsiri, mbona Hadesi anaongea kama ustadhi wa madrasa?" nilisikia mtu akiuliza siku moja.

"Ulitaka aongeeje?"

"Si anatoa moshi huyo. Mtu anatoa moshi halafu anasema karibuni?"

"Moshi wamemwekea wao. Ndugu watatu waligawana, mmoja akapata mbingu, mmoja bahari, huyu akapata chini, kwa wafu. Hakulalamika. Kazi yake ni kupokea wageni. Umewahi kuona mpokea wageni anafoka?"

"Hospitali wapo."

Banda zima lilicheka, na mama naye upande wetu wa ukuta alicheka. Mtafsiri alisubiri wamalize, kisha akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya Hadesi, "Karibuni, mwenye namba moja aingie."

Alichukia pia mavazi. "Wamewavalisha bati," alisema, akimaanisha zile deraya zinazong'aa. Alichukia kuona miungu wakichomwa mikuki na kufa. "Padre alisema hawafi. Sasa hawa wanawaua kabla ya saa mbili kwisha, ili watu wawahi kwenda nyumbani." Lakini zilipoanza kuja zile za siku hizi, ambazo miungu wanaishi mjini, wana suti, wana simu na walinzi mlangoni, nilidhani angekasirika zaidi. Alizipenda. "Hawa ndio wenyewe," alisema. "Ni wakubwa wa ofisi. Unaomba, hawasikii. Wakisikia, wamekosea jina."

Aliswali swala zote tano. Adhana ya alasiri ikianza alisimamisha picha, hata kama mtu yuko hewani anaanguka. Siku moja kijana mmoja mwenye haraka alilalamika kwamba Zeus ameinua radi mkono mzima na sasa watasubiri robo saa. Mtafsiri alimjibu akiwa tayari amefika nje, anavua kofia yake ya jua na kuvaa barakashia, "Muache. Naye asubiri." Mama alimuuliza siku nyingine kama si dhambi kuwasemea miungu ya watu. Akasema anasema maneno yao tu, hawaabudu. Na isitoshe, akasema, ukiwasikiliza kwa makini utamshukuru Mungu kwamba hao hawakuwa wako.

Hata hivyo huyo mzee aliyechukia uongo wa sinema alikuwa hajui Kiingereza. Kidogo alikuwa nacho, cha kuombea maji. Nililijua hilo siku mwanafunzi mmoja wa chuo alipoingia bandani kukwepa mvua. Kulikuwa na mahali Poseidoni anaongea na mvuvi, na Mtafsiri aliongea kwa niaba yake muda mrefu, habari za kuheshimu maji na za wale wanaovua kwa sumu.

"Mzee, hajasema hivyo," yule mwanafunzi alisema.

"Kasemaje?"

"Kasema 'nifuate'. Basi."

"Neno moja? Na kifua chote kile?" Mtafsiri alisema. "Hapana, kijana. Huyo ana mengi, ameyaficha."

Watu walimshangilia Mtafsiri. Mimi pia nilikuwa upande wa Mtafsiri. Nilifikiri ana haki ya kusema walichonyimwa kusema. Hera, mke wa Zeus, kwa mfano. Alituambia kwamba katika sinema nyingi Hera anawekwa nyuma ya kiti cha mumewe kama pazia, anakunja uso, basi. Mke aliyetendewa yote yale hapewi hata dakika. Kwa hiyo alimpa dakika. Sinema ikionyesha mawingu, au farasi wakipita, yeye alimsemesha Hera. Siku moja Hera alisema hivi: "Nimeosha shati lako nimekuta mchanga wa mto ambao mimi sijawahi kwenda. Sikuulizi. Nimelikung'uta nje, upepo umeuchukua, na wewe unaniuliza kwa nini chakula kimechelewa." Mama aliacha kugeuza mihogo ikaungua upande mmoja. Akasema, "Huyo mama anajua kusema."

Kesho yake jirani yetu mmoja alikuja kununua mihogo akiwa anacheka kwa aibu. Maneno yale ya mchanga yalikuwa yake. Aliyasema bombani wiki iliyopita. "Huyu mzee anatuvuna," alisema. Ugomvi wa zamu ya maji kati ya nyumba mbili za jirani ulikuwa tayari umeshakuwa ugomvi wa miungu wawili, Athena na Poseidoni. Nilicheka sana siku ile. Nakiri kwamba ilipokuwa ya wengine nilicheka.

Sasa niseme kwa nini mimi, ambaye sikuweza kuingia bandani, nilisikiliza namna ile. Mama hakutaka nikae katikati ya wanaume, na mimi mwenyewe nisingeweza. Hata kuitikia jina darasani ilikuwa kazi, mpaka nikamaliza la saba bila walimu wengi kujua sauti yangu. Mtafsiri aliligundua hilo bila kuambiwa. Alikuwa na spika mbili. Moja aliigeuzia ukutani, upande wa karai letu, na mashabiki walipolalamika kwamba sauti ni ndogo aliwaambia wasogeze viti. Kwa miaka yote minne spika ile haikugeuzwa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kugeuza kitu chochote kwa ajili yangu.

Na hadithi nilizozingoja ni zile za watoto wa Zeus. Kila sinema ya miungu inaye mmoja. Amelelewa na mama peke yake, au na mzee fulani maskini, hajui baba yake ni nani, ana nguvu za ajabu na huzuni. Anapigana mpaka karibu na mwisho. Halafu baba anakuja. Mwanga unatokea, Mtafsiri anasema, "Mwanga, jamani, mwanga mkubwa," na Zeus anashuka na ndevu nyeupe, mpole, anamwita mtoto wake jina, anampa upanga.

Hapo ndipo Mtafsiri aliposimamisha picha kila mara. "Hapa wamedanganya kuliko kote," alisema. "Zeus hakuwahi kujuta hata siku moja. Alizaa akaondoka. Hawa watengeneza sinema wanaona haya, wanamsafisha. Wanataka kila baba arudi."

Mimi nilikuwa nataka arudi. Mkono wangu ulisimama na mwiko hewani.

Baba yangu ninamjua. Ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya lami, mtu wa heshima, ana mke na watoto wakubwa. Mama aliniambia nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mara moja, huku akimenya mihogo, na akaniambia nisimwambie mtu. Kila Ijumaa baada ya swala alipita kwa miguu akiwa na kanzu nyeupe, akasimama mbele ya karai letu, akanunua vipande vinne. Alikohoa kidogo kwanza, kisha akasema, "Pilipili weka pembeni, binti." Nilimwekea pembeni. Aliondoka. Hayo ndiyo maneno yote niliyowahi kuyapata kutoka kwake, na niliyapata kila Ijumaa. Mama siku hizo alikuwa anavaa kanga safi na hakusema neno.

Siku moja umeme ulikatika mchana. Banda lilikuwa tupu. Mama alikuwa ameenda kupokea mihogo iliyoshushwa kutoka Turiani. Mtafsiri alitoka na kikombe chake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na moto. Nilimuuliza, na mpaka leo sijui nilipata wapi mdomo.

"Mtafsiri, Zeus anawajua watoto wake wote kwa majina?"

"Wa kwenye sinema au wa kweli?"

"Wote."

"Wa kwenye sinema anawajua. Wa kweli hata mama zao aliwasahau." Alikunywa chai. "Kwa nini unauliza?"

Nilimweleza. Nilimweleza kanzu, vipande vinne, kikohozi, pilipili. Nilimwambia sitaki mali wala sitaki aniweke kwake. Nataka siku moja aniite jina. Mara moja tu, hata kama ni kwa kukosea. Wakati wote nilikuwa ninaangalia mfuko wa shati lake. Kalamu haikutoka. Aliweka kikombe chini, akanitazama na kusema, "Haya maneno ni mazito, mwanangu." Basi. Nilipoona hakuandika nilijua nimemwambia mtu salama.

Miezi michache baadaye alialikwa na watu wa studio moja mjini. Walitaka sauti yake kwenye sinema watakazouza kwa memori kadi na flashi, ili watu waziangalie kwenye simu zao. Mtaa mzima ulifurahi. Alifunga banda siku tatu. Sinema ya kwanza waliyompa ilikuwa ya binti wa Zeus aliyelelewa na mfinyanzi wa vyungu. Aliporudi alituambia tu kwamba kule kuna kiyoyozi na kwamba hawaruhusu kusimamisha picha.

Niliisikia Alhamisi. Shabani, dereva wa bodaboda aliyekuwa anakula mihogo kwetu kila siku, alikaa juu ya pikipiki yake na simu mkononi, sauti juu. Nilimsikia Mtafsiri akiongea kama binti. Sikushangaa, nilifurahi, nilisogea. Binti alikuwa anamwambia Zeus kwamba siku zote yeye Zeus alikuwa anapita kwenye kibanda cha mfinyanzi akijifanya mpita njia.

"Kila Ijumaa unapita," binti alisema. "Unasimama, unakohoa, unasema, 'Pilipili weka pembeni, binti.' Nakuwekea pembeni. Sitaki mali yako, wala usiniweke kwako. Niite jina. Mara moja tu, hata kama ni kwa kukosea."

Mtafsiri alikuwa ameigiza mpaka kikohozi.

Shabani alicheka. "Huyu si mzee wa vifaa huyu," alisema. "Pilipili pembeni, sawa kabisa, mzee wa vifaa." Aliniangalia ili tucheke wote. Kisha akaliangalia karai, akalitazama kopo la pilipili, akanirudia mimi usoni, na kicheko chake kikaisha. Afadhali angeendelea kucheka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa bado hajajua, alivaa kanga yake safi. Watu walitoka msikitini. Kanzu nyeupe ilitokea kwenye kona, na kijana mmoja asiyejulikana alisema kwa sauti ya juu kutoka kwenye kijiwe cha bodaboda, "Pilipili, mzee?" Wenzake walicheka. Yule mzee alisimama. Alitazama upande wetu kwa muda mfupi, na nadhani ndiyo mara pekee aliyonitazama mimi badala ya mihogo. Kisha alivuka barabara. Ijumaa iliyofuata alipita njia ya nyuma. Kwetu hakupita tena.

Mama aliuliza, "Umemwambia nani?"

Nikamwambia.

Hakunipiga. Alimwaga mafuta kwenye galoni, akafuta karai kwa gazeti, akafunga kila kitu kwenye kiroba. Ndipo aliposema, "Miaka yote hii nilinyamaza ili apite. Sasa hapiti." Tulihamia upande mwingine wa mji, ambako hakuna aliyekuwa akitujua, na mama akawakaangia mihogo watu wengine.

Kabla hatujahama nilikwenda kwa Mtafsiri. Ilikuwa asubuhi, alikuwa anafagia banda. Nilisimama mlangoni kwa muda mpaka aliponiona.

"Uliandika," nilisema.

"Siku ile sikuandika."

"Ukaandika baadaye."

Aliegemeza fagio. "Binti, hebu nisikilize. Stendi pale wanaume wazima wamelia. Wananipigia simu watu nisiowajua. Na nimempa Zeus jibu zuri. Amemwomba radhi mtoto wake. Umesikia mpaka mwisho?"

"Ulisema Zeus hajutii."

"Wa kweli. Huyu wa studio. Kule wanataka mtu amalize akiwa amefurahi."

"Na wangu?"

Alisema, "Sikutaja jina la mtu."

"Ulitaja pilipili."

"Maneno mazuri namna ile," alisema polepole, na niliona kwamba anasema ukweli wake wote, "yangepotea."

Niliondoka. Njiani nilikuwa nikifikiria spika. Nilijiuliza kama aliigeuza upande wetu ili mimi nisikie, au ili siku moja nizoee kusema.

Miaka ilipita. Mabanda yale yalipungua, kila mtu ana simu. Mwaka jana abiria mmoja aliyeketi karibu nami tukisubiri gari la Dumila alikuwa anaangalia sinema ile ile ya binti wa mfinyanzi, na kwa mara ya kwanza niliiona. Nilikuwa sijawahi kuwaona miungu wale. Kichwani mwangu Hera alikuwa na kanga na Hadesi alikuwa na kalamu ya karani. Hawa walikuwa wanang'aa, wamepakwa mafuta, meno yao meupe kama ya matangazo. Nilingoja sehemu yangu. Binti alisema maneno yangu kwa sauti ya Mtafsiri, machozi yanamtoka, na hapo midomo yake ilikuwa inacheza kweli, alikuwa anasema kitu. Kisha zamu ya Zeus ikafika. Sauti ya Mtafsiri ikasema, "Nisamehe, mwanangu, nilikuwa naogopa watu." Nikamtazama Zeus. Mdomo wake ulikuwa umefumba. Haukufunguka mwanzo mpaka mwisho. Hata waliomtengeneza ili aonekane mwema hawakumpa neno. Aliweka tu mkono kichwani kwa binti, mwanga ukaja, picha ikahamia kwenye vita. Radhi yote ile ilikuwa ya Mtafsiri, na watu waliililia.

Baada ya siku chache mwanamke mmoja alinunua mihogo kwetu, akanitambua. Alikuwa mpwa wa Mtafsiri, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akija kumtembelea kule Kihonda. Alisema mjomba yuko kwao mlimani, upande wa Kinole, ameugua koo, amefanyiwa upasuaji, sauti hana. "Anaulizia watu wa Kihonda," alisema. "Hakuna anayekuja."

Mama alisema niende au nisiende, ni shauri langu. Nilikwenda. Bodaboda ilinishusha barabara ilipoishia, nikapanda kwa miguu kati ya migomba na karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba alichukua Ijumaa za mama yangu na zangu. Nilipanga niseme bila kutetemeka.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na mlango, kitambaa kimefungwa shingoni, anaangalia televisheni ya mpwa wake. Ilikuwa tamthilia mpya ya miungu, ile ndefu inayoendelea kila wiki, na watoto wa nyumba walikuwa wameizima sauti ili wafanye kazi za shule.

"Shikamoo," nilisema.

Aliinua mkono. Daftari lilikuwa gotini, lile lile au ndugu yake, na kalamu imefungwa kwa uzi. Aliandika, akanigeuzia. Mimi husoma polepole. Ilikuwa imeandikwa: *Hadesi bado wanamvika nyeusi.*

Sikutaka kucheka, lakini nilicheka kidogo.

Mpwa wake alisema kwa sauti ya juu, kama watu wanavyowafokea wagonjwa, "Mjomba, umemkumbuka mgeni wako?"

Alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaandika: *Wa pilipili.*

Yale maneno niliyoyapanga njiani yalinipotea yote. Nilikaa kwenye jamvi. Aliandika tena: *Mama?* Nikasema mzima. Aliandika, akasita, akamaliza: *Yule anapita?*

"Hapiti," nilisema.

Aliweka ncha ya kalamu juu ya ukurasa. Kwenye televisheni mungu mmoja alikuwa anafungua na kufunga mdomo na hakuna kilichotoka. Mtafsiri alikuwa anameza mate kwa taabu, niliona kitambaa kikipanda na kushuka. Nilifikiri, sasa ataandika lile jambo. Alikuwa amelisema kwa ajili ya Zeus ambaye hakufungua mdomo. Asingeshindwa kuliandika kwa ajili yake mwenyewe. Nilingoja. Kalamu haikusogea. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatafuta namna ya kuniita na haipati. Miaka minne kupitia ukuta, kanzu na vipande vinne na kikohozi alivishika vyote, na hakuwahi kuniuliza naitwa nani.

Nilichukua kalamu mkononi mwake. Uzi ulikuwa mfupi ikabidi nisogee karibu naye. Niliandika jina langu, herufi moja baada ya nyingine, chini ya maneno yake.

Alilisoma. Uso wake ulichangamka kama zamani, aliposikia kitu bombani. Akachukua kalamu akaandika haraka, akanionyesha:

*Jina zuri. Ningelijua, ningelitumia.*

Nilisoma mara mbili kuhakikisha. Kisha nilichana ukurasa ule, polepole ili usiharibike, nikaukunja, nikaufunga kwenye pindo la kanga. Hakunizuia. Nikamwambia ugua pole, nikamuaga mpwa wake, nikaenda mlangoni kuvaa viatu. Nilipogeuka kumtazama mara ya mwisho alikuwa amefungua ukurasa mwingine, ameinama, anaandika.